Mbele Yangu

Katika kazi zote za mwanasheria, hapana inayodharauliwa kama ile ya kuthibitisha hati na kuapisha watu. Mteja huingia ofisini na karatasi yake, hutaka igongwe muhuri, hulipa na kutoka. Na aghalabu husema moyoni kwamba amelipia wino. Hata vijana wanaoingia katika uwakili huiona hivyo hivyo, kuwa ni pato la pembeni la kulipia pango huku wakingojea kesi kubwa. Mimi naona kinyume chake. Kazi hii, ndogo kama ilivyo, humuuliza mtu swali gumu: je, neno lako lina thamani gani pale ambapo hakuna mwingine wa kulihakiki?

Hapa Tanzania, kuufikia muhuri huo ni safari. Mtu husoma shahada ya sheria, kisha hupitia Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2007, na baada ya hapo hukubaliwa na Jaji Mkuu kuwa wakili. Ndipo, chini ya Sheria Sura ya 12, huweza kuwa mthibitishaji wa umma na kamishna wa viapo. Huko Marekani njia ni fupi zaidi. Katika majimbo mengi si lazima mtu awe mwanasheria. Hata karani wa benki huweza kupewa madaraka hayo akitimiza masharti ya jimbo lake. Tofauti hii yafaa kutufikirisha. Ikiwa nchi moja yadai miaka mingi ya masomo na nyingine haidai, basi huenda kiini cha kazi hii hakimo katika elimu ya sheria.

Kwa maoni yangu, kimo katika maneno mawili yanayoandikwa chini ya kila kiapo: "mbele yangu". Msomaji asidhani kwamba muhuri huthibitisha kuwa yote yaliyoandikwa ni kweli. La hasha. Mtu akiapa kwamba cheti chake kimepotea, kamishna hajui kama kweli kimepotea au kimefichwa sandukuni. Uongo huo, kama upo, ni mzigo wa aliyeapa, na sheria itamshika yeye. Anachokisema kamishna ni kidogo tu: kwamba mtu huyu alifika, kwamba namfahamu, au ametambulishwa kwangu na mtu ninayemfahamu, kwamba aliapa na kutia saini nikimwona, mahali fulani, siku fulani. Sheria inamtaka aandike mahali na tarehe, na mahakama zimekwisha kukataa viapo visivyoonyesha hayo.

Mtu aweza kuuliza: una faida gani ushuhuda mwaminifu juu ya karatasi ambayo huenda ni ya uongo? Faida yake ni hii, kwamba yapo mambo mengi tusiyoweza kuyajua, lakini kila mtu aweza kusema kweli juu ya alichokiona kwa macho yake. Wala jambo hili si geni kwetu. Qurani, katika aya yake iliyo ndefu kuliko zote, inaagiza deni la muda liandikwe, mwandishi aandike kwa uadilifu, na mashahidi wawepo. Na hata kusikokuwa na karatasi, wazee wamekuwa wakiitwa shambani kuuona mpaka ukiwekwa, ili siku ya ugomvi pawe na mtu wa kusema, "Nilikuwapo."

Sasa tutazame kishawishi chenyewe. Mteja wa siku nyingi anamtuma kijana wake na hati iliyokwisha kutiwa saini. "Mzee amebanwa na shughuli, anaomba umgongee tu." Saini unaijua, yaliyoandikwa unayaamini, na mzee mwenyewe ni mtu wa heshima. Nani atadhurika?

Tuchukue mfano wa nyumba. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inamkataza mume au mke kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Kwa hiyo benki hudai hati ya ridhaa. Mume analeta hati yenye saini ya mke, lakini mke hayupo. Au analeta mwanamke mwingine, naye wakili haulizi kitambulisho. Muhuri unagongwa. Miaka miwili baadaye dalali anabandika tangazo mlangoni, na mama yule ndiyo kwanza anasikia habari za mkopo. Akienda kulalamika ataonyeshwa karatasi inayosema kwamba yeye alifika, akaridhia, mbele ya mtu wa sheria. Sasa ni juu yake kuthibitisha kwamba siku ile hakuwapo! Muhuri uliowekwa ili umlinde umegeuka shahidi dhidi yake, na kilichofanya hivyo ni uongo wa maneno mawili.

Hapana shaka kukataa ni kugumu kwetu sisi tuliolelewa katika heshima. Mzee atauliza, "Kwani huniamini?" Jibu la haki ni kwamba muhuri ule hauandikiwi yeye. Unaandikiwa watu wasiokuwapo chumbani: hakimu, mrithi, mke aliyebaki nyumbani. Hao wameazima macho ya kamishna, naye hana ruhusa ya kuyauza. Ndiyo maana sheria inamzuia hata kuapisha katika shauri ambalo yeye ni wakili wa upande mmoja au ana maslahi nalo.

Lakini uaminifu huu usiwe ukatili. Wapo wasioweza kufika: bibi mgonjwa, mzee asiyeona, mfungwa. Wengine hudhani hapo ni lazima kuchagua kati ya huruma na kweli, ama wamgongee bila kumwona, ama wamwache bila msaada. Mimi sioni hivyo. Kamishna achukue muhuri wake, apande daladala, akaketi kando ya kitanda, amsomee mgonjwa maneno yote taratibu kwa lugha anayoielewa, kisha amtazame akitia dole gumba. Hapo aandike "mbele yangu", na jina la mtaa huo.