Kunenepa Si Kupona

Wanangu mnaouguza wagonjwa wa akili majumbani, hapa Nangurukuru na huko Kivinje, Masoko na Njinjo, nimelisema hili barazani, nimelisema misibani, na leo nalisema tena ingawa sauti imechoka. Kijana anatoka hospitali na dawa zake. Anatulia, analala, haongei tena na watu wasioonekana. Miezi michache baadaye mashavu yamejaa, watu wakimkuta stendi wanamshika bega: umenawiri, sasa umepona! Mwaka hauishi, watu hao hao wanamwita bonge. Naye akichoka kuchekwa anavitupa vidonge chooni, ugonjwa unarudi, na mnaanza upya kutafuta vijana wenye nguvu wa kumshika.

Si ulafi unaomnenepesha. Hilo mlishike kabla ya lolote. Katika dawa za skizofrenia, olanzapini na klozapini ndizo zinazonenepesha zaidi. Klopromazini na risperidoni nazo zimo. Zinatuliza akili, na papo hapo zinavuruga ile sehemu ya ubongo inayomwambia mtu ameshiba. Nyumba moja naijua, mama alikuwa akisikia sufuria saa nane za usiku. Mwanawe mtu mzima amechuchumaa jikoni gizani, anakwangua ukoko kwa mwiko, na chakula cha jioni alikula pamoja na wenzake akamaliza. Mama akaanza kulala na sufuria chini ya kitanda. Wanangu, msifike huko. Ukimficha mtu chakula nyumbani kwao unamfanya mwizi. Pikeni kiasi cha kuisha, wali usilale, na akiamka akute matango na maji ya mtungini.

Na kiu yake msiipuuze. Dawa nyingi za aina hii hukausha mdomo, na hapa njia panda ya mabasi soda ni rahisi kuipata kuliko maji safi. Chupa ya mililita 350 ina sukari karibu vijiko tisa vya chai. Akinywa tatu kwa siku, hata mkimnyima chapati mnajisumbua bure.

Naogopa kwa sababu. Shirika la Afya Duniani linasema wenye magonjwa makubwa ya akili hufa miaka 10 hadi 20 mapema kuliko watu wengine, na wengi wanaondoka na maradhi ya mwili, moyo ukiwa mbele. Kisukari nacho kinawaandama. Inaniuma kuona familia imeuza korosho za msimu mzima ili kumtibu mtoto akili, kisha inampoteza kwa presha ambayo hakuna aliyeipima.

Basi mpimeni. Apimwe uzito siku anayoanza dawa, kisha kila wiki kwa wiki sita za mwanzo, maana hapo ndipo kilo hupanda mbio. Zahanati ikiwa mbali, chukueni futi ya fundi cherehani mzungushe kiunoni, mwandike kwenye daftari. Mtu wa kilo 70 akiongeza kilo tano katika miezi ya mwanzo, msingoje kliniki ya mwezi ujao. Mwambieni daktari apime presha, sukari na mafuta ya damu. Huenda akampa metifomini, ile ile ya wenye kisukari, ambayo husaidia kuzuia unene huu. Huenda akambadilishia dawa. Haloperidoli hainenepeshi sana, ila inaweza kumkakamaza mwili na kumtetemesha mikono, kwa hiyo uamuzi huo ni wa daktari na mgonjwa mwenyewe. Ninyi msimpunguzie kidonge hata nusu.

Nafurahi nikisikia mambo ya Muhimbili na Mbeya, ulikofanyika mradi wa Kuwezeshana Kupata Uzima. Wagonjwa na ndugu zao walikaa pamoja kufundishwa ugonjwa huu. Waliouanzisha mradi walijua kwamba mgonjwa peke yake hatauweza ugonjwa, na kwenye chakula ni vivyo hivyo. Msimwekee yeye sahani ya mboga huku wengine mnakula wali wa nazi na maandazi mbele yake. Nyumba nzima ile samaki wa kuchoma, kisamvu na tembele, nazi ipungue kwa wote, chai ipungue sukari kwa wote. Bahari yetu ina dagaa wa kutosha.

Dawa pia humtia uzito wa usingizi, atashinda kitandani mkimwachia. Mtoeni alfajiri aende shamba la ufuta, au jioni mtembee naye njia ya Kivinje. Jua la mchana hapana: dawa hizi hupunguza uwezo wa mwili kujipoza, na klopromazini huifanya ngozi iungue upesi. Mtu atembee naye kweli, wakizungumza, asiamrishwe kwa kelele kutoka kibarazani.

Na siku ya kliniki, iwe hospitali ya Kinyonga au ya Sokoine kule Lindi, aende naye mtu anayelala nyumba moja naye, na daftari mkononi. Daktari atauliza anaamka usiku mara ngapi kula, na mwenyewe, kwa usingizi wa dawa, mara nyingi hakumbuki.