Mtu wa Kiasi na Kura za Maoni

Kila uchaguzi unapokaribia huonekana watu wa namna tatu katika mitaa yetu ya Mugumu. Wapo wanaomshabikia mgombea mmoja hata jina la mwenzake haliwezi kutajwa nyumbani mwao. Wapo wasiojali kitu, ambao siku ya kura huenda zao mnadani. Na wapo wachache walio katikati: huwasikiliza wagombea wote, hawavai fulana ya mtu, wala hawasemi mapema watampa nani. Hawa wa tatu ndio wanaolaumiwa kuliko wote. Shabiki huwaita wanafiki, na asiyejali huwaona wanajisumbua bure. Hata kanisani husikika wakifananishwa na wale wa Laodikia waliokemewa kwa kuwa vuguvugu.

Je, lawama hiyo ni ya haki? Swali hili lina uzito zaidi katika kura za maoni, yaani pale chama kinapochuja watu wake wenyewe kabla ya uchaguzi mkuu. Maana katika uchaguzi mkuu mtu aweza kujificha nyuma ya chama chake akasema, nimefuata bendera. Katika kura za maoni bendera ni moja kwa wote. Hapo linabaki kupimwa jambo moja tu, nalo ni mtu.

Wazee wetu wanalijua jambo hili kuliko vijana wanavyodhani. Tangu 1965, uchaguzi wa kwanza wa chama kimoja, hata 1990, karibu kila jimbo lilipewa wagombea wawili wa chama kilekile, mmoja kwa alama ya jembe na mwingine kwa alama ya nyumba. Mwaka 1965 walisimama jukwaa moja, siku moja, mbele ya watu walewale, nao walikatazwa kutumia kabila, rangi au dini kujitafutia kura. Mpiga kura alimsikia wa jembe na wa nyumba kabla jua halijatua, akaenda kufikiri. Mwaka huo Paul Bomani, aliyekuwa Waziri wa Fedha, alishindwa jimboni. Na Amir Jamal, Mtanzania wa asili ya Kiasia, alichaguliwa Morogoro. Sisemi kwamba mfumo ule ulikuwa mwema kwa kila hali, maana majina yale mawili yalikwisha kuchujwa juu kabla hayajamfikia mwananchi. Lakini ulimlazimu mtu apime, na hakuna aliyemwita vuguvugu kwa kupima.

Sasa tuje kwenye urais. Wengi wetu hatupigi kura ya kumteua mgombea urais wa chama. Hiyo ni kazi ya wajumbe wachache wanaotumwa na wenzao kwenda Dodoma. Tutazame Chimwaga, Julai 1995, Chama cha Mapinduzi kilipokuwa kikimtafuta wa kumfuata Rais Mwinyi. Yalifika mkutanoni majina matatu: Jakaya Kikwete, Benjamin Mkapa na Cleopa Msuya. Katika duru ya kwanza Kikwete alipata kura 534, Mkapa 459 na Msuya 336. Hakuna aliyefikia nusu, basi Msuya akatoka, na wajumbe wakapiga kura tena. Mara hii Mkapa alipata 686 na Kikwete 639.

Tafadhali ziangalie hesabu hizi kwa utulivu. Kikwete aliongeza kura 105, Mkapa aliongeza 227. Rais wa nchi kwa miaka 10 iliyofuata aliamuliwa na watu kama 330 ambao mtu wao alikuwa amekwisha kuanguka. Watu hao walikuwa wakiwaza nini katika muda ule mfupi kati ya duru mbili? Hatuwezi kuingia mioyoni mwao. Yawezekana wengine walimsikiliza Mwalimu Nyerere, jirani yetu wa Butiama, ambaye ilijulikana upande alioegemea. Wengine walitazama umri, maana Kikwete alikuwa na miaka 44 na Mkapa 56. Wengine, bila shaka, walitazama nani angewakumbuka baadaye.

Hapa ndipo ninapoona kazi halisi ya mtu wa kiasi. Mtu wako ameanguka. Una hasira. Waweza kuharibu kura, waweza kumpa yule asiyemtaka adui yako, waweza kuondoka ukumbini. Yote haya hufanywa, na mtendaji hujiona ana msimamo. Lakini kura ile si mali yake. Amepewa na wanachama wa wilaya yake, ambao wako nyumbani wakipalilia mahindi, na ambao watatawaliwa na mmoja wa hao wawili apende asipende. Kumkataza mjumbe kuchagua kati ya wawili asiowapenda sana ni kama kumwambia mama anunue dawa iliyo bora duniani au asinunue kabisa. Duka la Mugumu lina dawa mbili. Mtoto ana homa.

Najua jibu litakalotolewa: hivyo ndivyo watu wanavyoanza kukubali lolote, leo nusu, kesho robo. Ni jibu zito, na mwaka 2015 ulitupa mfano wake katika upande wa upinzani. Edward Lowassa, aliyejiuzulu uwaziri mkuu Februari 2008 baada ya ripoti ya kamati ya Bunge juu ya mkataba wa Richmond, alitaka urais kupitia CCM. Jina lake halikuingia katika watano waliopitishwa na Kamati Kuu. Akahamia Chadema, na Agosti mkutano mkuu wa chama hicho ukamfanya mgombea wake wa urais. Yeye mwenyewe alisema siku zote kwamba hakuwa na hatia. Lakini wanachama wa Chadema walikuwa wamekaa miaka wakisikia viongozi wao wakimtaja katika hotuba za kupinga ufisadi. Sasa waliambiwa: huyu ndiye atakayeshinda. Dk. Willibrod Slaa, aliyegombea 2010, aliona hawezi, akaacha siasa za chama. Wengi walibaki wakamnadi.

Mwanachama wa kawaida alipaswa kufanya nini? Lowassa alipata karibu kura 40 katika kila 100, ambazo mpinzani hakuwa amezipata tangu vyama vingi virudi, lakini Dk. John Magufuli alishinda. Na Machi 2019 Lowassa alirudi CCM. Ni rahisi leo kusema waliomkubali walikosa yote mawili, ushindi na heshima. Mimi sisemi hivyo kwa haraka. Kutaka mtu atakayeshinda si dhambi, maana mgombea mwema asiyeshinda hajengi zahanati. Kosa, kwa maoni yangu, lilikuwa kutotoa maelezo. Kama jana mlisema mtu huyu hafai, leo mseme wazi ama mlikosea jana, ama mnajua yu vilevile ila mnamhitaji. Mtu wa kiasi aweza kuyapokea maneno hayo ya pili, kwa uchungu. Asichoweza kukipokea ni kuambiwa asahau.

Lipo jambo la karibu zaidi nasi, ambalo twapenda kulipita kimya. Katika wilaya zetu za Serengeti na Tarime mgombea yeyote, awe wa udiwani au wa ubunge, anajua kwamba kusema hadharani juu ya ukeketaji ni kujitafutia hasara. Sheria ya 1998 inakataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18. Lakini wazee wa mila wana watu nyuma yao, na wenye mabinti wana kura. Uchaguzi mkuu huwa Oktoba, na msimu wa ngariba huja Novemba na Desemba, shule zinapofungwa. Ndiyo maana hotuba za kampeni zetu hujaa barabara ya lami, maji, na tembo wanaotoka hifadhini kula mtama, nazo husahau kabisa wasichana wanaokimbilia Nyumba Salama hapa Mugumu, iliyofunguliwa 2014 chini ya Dayosisi yetu ya Mara.

Mtu wa kiasi afanye nini hapa? Asije akadhani kwamba kuwa katikati ya wagombea wawili ni sawa na kuwa katikati ya wembe na mtoto. Katikati hiyo haipo. Hata hivyo bado ana kazi ya kupima, maana mara nyingi hakuna mgombea asemaye vizuri. Mmoja aweza kulaani ukeketaji mbele ya wageni wa kutoka Dar es Salaam, kisha Desemba asionekane. Mwingine aweza kunyamaza jukwaani, lakini akiwa diwani alisimama katika baraza kutetea fedha za dawati la jinsia la polisi. Mimi ningempa kura huyu wa pili, nami ningemwambia usoni kwamba ukimya wake unanisikitisha. Lakini ili kumtambua ni lazima nimwulize, na nimwulize mbele ya watu, si gizani. Swali moja tu: mwaka huu, msimu ukija, utakuwa wapi?

Juu ya fedha nitasema machache. Mwaka 2000 sheria yetu ya uchaguzi iliruhusu kile kilichoitwa takrima, na 2006 Mahakama Kuu ikaifuta, kwa kuwa ukarimu wa siku za kampeni hautofautiani na rushwa, na humwonea mgombea maskini. Jambo ambalo sheria haiwezi kulibadili ni hesabu: wapiga kura wakiwa wachache, bei ya kila mmoja hupanda. Mjumbe mmoja kati ya mia tano anunulika kwa urahisi kuliko kijiji kizima. Basi wasemao, chukua kanga yake, kura ni siri, ningependa wajue kwamba mwenye kanga amekwisha kuufikiria ujanja huo. Anajua wengine watamdanganya, naye amenunua za kutosha. Mjane asiye na chumvi simhukumu. Mjumbe mwenye ng'ombe thelathini ni habari nyingine.

Tena mjumbe akirudi kutoka Dodoma, wenzake waliomtuma wana haki ya kumketisha chini ya mti na kumwuliza mambo yalikwendaje. Hawana haki ya kumlazimisha aseme alimpa nani. Wana haki ya kusikia alipima nini. Kama hana la kusema ila kwamba mgombea alitupokea vizuri sana, watafute wa kumtuma mwaka mwingine.