Wazo la Leo: Shusha Nyavu Tena

Hapa Mombasa, kwenye bandari ya uvuvi ya Liwatoni, si kila chombo kinachorudi huleta samaki. Kuna siku hurudi na barafu tupu na deni la mafuta. Hata hivyo nyavu hushonwa, na safari hupangwa upya.

Hata mmishonari Johann Ludwig Krapf alilazimika kuanza upya: mwaka 1844 alifiwa na mkewe Rosine na kichanga chao hapa Mombasa. Mwaka 1846, yeye na Johannes Rebmann walianzisha misheni Rabai. Waliobatizwa walikuwa wachache mno, lakini Krapf aliendelea na kazi. Kamusi yake ya Kiswahili ilitoka 1882, yeye keshafariki.

Petro naye alikesha akivua bila kupata kitu, akamtii Yesu, akashusha nyavu tena (Luka 5:1-11). Imani ni kutii hata hofu ingalipo. Ndugu yangu, omba, kisha anza tena leo.