Nafasi Nzuri Unayomwachia Mwenzako

Mwezi Juni 2007, katika mchezo wa tatu wa fainali za NBA, San Antonio Spurs waliwafunga Cleveland Cavaliers 75 kwa 72. Ulikuwa mchezo mzito wa kubanana na kusukumana, na mchezo uliofuata Spurs wakatwaa ubingwa wao wa nne. Miaka saba baadaye, Juni 2014, katika mchezo wa tatu wa fainali nyingine, Spurs hao hao walifunga pointi 71 kabla ya mapumziko. Walikuwa ugenini, Miami, wakicheza na timu iliyotoka kubeba ubingwa miaka miwili mfululizo. Katika nusu ile waliingiza mitupo 25 kati ya 33, yaani asilimia 75.8, na hiyo ikawa rekodi ya fainali.

Kocha alikuwa yule yule, Gregg Popovich. Tim Duncan, Tony Parker na Manu Ginóbili walikuwapo mwaka 2007, na mwaka 2014 walikuwa bado wapo. Umri tu ndio ulikuwa umesogea: Duncan miaka 38, Ginóbili 36, Parker 32. Huo ni umri ambao wachezaji wengi wa mpira wa kikapu wameshakuwa makocha, au wako nyumbani wanauguza magoti. Kwa miaka mingi nimejiuliza inakuwaje watu wazeeke kisha timu yao ijue kufunga kuliko walipokuwa vijana. Wachambuzi wana majibu yao kuhusu mbinu, na mengi nayakubali. Lakini chini ya mbinu zile naona jambo la tabia ya watu: wale waliokuwa na haki zaidi ya kuushika mpira ndio waliokubali kuushika kidogo zaidi.

Spurs wa zamani waliishi kwa Duncan. Alisimama upande wa kushoto wa kikapu, akampa beki mgongo, mpira ukapelekwa kwake, na wengine wanne wakasubiri uamuzi wake. Hakuna aliyeweza kulaumu utaratibu huo. Duncan alichaguliwa mchezaji bora wa ligi mara mbili mfululizo, 2002 na 2003, na mchezaji bora wa fainali mara tatu. Ukiwa na mtu kama huyo, kumpa mpira ni busara. Tatizo ni kwamba miguu huchoka kabla ya sifa. Mtu akishakuwa na jina kubwa, watu huendelea kumpelekea mpira kwa heshima hata pale heshima hiyo inapoiponza timu.

Popovich aliliona hilo mapema. Taratibu, kuanzia karibu na msimu wa 2010/11, alianza kuugeuza mchezo wa timu yake. Mpira ukahamia mikononi mwa Parker, mwendo ukaongezeka, na kona za uwanja zikajazwa watupaji wa pointi tatu. Duncan akawa mtu wa kumzuia beki ili Parker apite, kisha kukimbilia kikapuni bila uhakika kama mpira utamfikia. Mwaka 2012, mkataba wake ulipokwisha, alisaini mpya uliomshusha kutoka zaidi ya dola milioni 21 kwa msimu hadi karibu milioni 10, na klabu ikapata nafasi ya kuwabakiza wengine. Najua dola milioni 10 si umaskini. Hata hivyo, katika ligi ambamo mshahara ndicho kipimo cha wazi cha ukubwa wa mtu, yeye alikubali kipimo hicho kishuke angali hai uwanjani, angali anaweza. Kung'atuka baada ya kushindwa hakuna ajabu, maana hapo mtu hana la kufanya. Duncan alitoa kilicho chake wakati bado alikuwa na nguvu ya kukidai.

Ukitaka kuona matunda yake, tazama shambulizi moja la aina waliyoirudia mamia ya mara msimu ule wa 2013/14. Duncan anamziba beki wa Parker mbali na kikapu. Parker anapita, anaingia hadi karibu na kikapu, na mabeki wawili wanamkimbilia. Angeweza kuupandisha mpira juu ya mikono yao, na siku nyingi ungeingia. Anautoa hadi kona ya kulia kwa Danny Green. Green yuko peke yake na anajua kutupa, lakini beki anakuja mbio, mkono juu. Basi Green anausogeza kwa Boris Diaw aliye hatua chache kando yake. Diaw naye ana nafasi, ila beki wa mwisho ameyumba kidogo kumfuata, na kule upande wa pili Kawhi Leonard amebaki bila mtu. Mpira unavuka uwanja. Leonard anatupa akiwa ametulia kabisa, miguu imekaa sawa, hakuna mkono wa adui karibu. Pasi tatu ndani ya sekunde nne hivi, na watu watatu wameacha nafasi ambazo mchezaji yeyote wa ligi ile angehesabiwa haki kuzitumia.

Hiyo ndiyo kanuni waliyofundishwa: mtupo mzuri uache kama mwenzako anaweza kupata ulio bora. Kuisema ni rahisi. Uzito wake uko katika lile neno zuri, kwa sababu haikusemwa uache mtupo mbaya. Kuacha kibaya hakumgharimu mtu chochote. Walitakiwa kuacha kitu chenye thamani, kitu ambacho kingeandikwa kwenye takwimu zao na kukumbukwa siku ya kujadili mikataba, wakimwachia mtu ambaye jina lake ndilo litakaloandikwa. Parker aliyeanzisha shambulizi nililolieleza haandikiwi hata pasi ya kufungisha, maana pasi hiyo ni ya Diaw. Green haandikiwi kitu kabisa.

Na walitakiwa kufanya hivyo upesi. Popovich aliwataka wachezaji wake waamue ndani ya nusu sekunde baada ya kupokea mpira: tupa, penya, au toa. Nimelitafakari sana sharti hili la muda, kwa sababu ndilo linalosahaulika tunapousifu ukarimu. Pasi ileile, kwa mtu yuleyule, ikichelewa sekunde moja inamkuta beki ameshafika. Aliyetoa atajiona amefanya wema, ila aliyepokea amepewa taabu, kama mtu aliyekaribishwa chakula kilichochacha. Kwetu nyumbani na kazini tunawafahamu watu wa namna hiyo: hukabidhi madaraka dakika ya mwisho, hugawa urithi baada ya ugomvi kuanza, humtambulisha kijana kwa wateja wakati biashara imeshaharibika. Wametoa, ndiyo. Wamengoja mpaka kilichotolewa hakina tena nguvu ya kumsaidia mtu.

Ipo pia pasi ya mwoga, na huyu naye ni vema asichanganywe na mkarimu. Kwa macho wanafanana. Mchezaji anapokea mpira sekunde zikiwa zinakwisha, mtupo ni wake, nafasi ni yake, lakini anaogopa kukosa mbele ya watu elfu ishirini, basi anausukuma kwa jirani. Amehamisha lawama, hajagawa kitu. Spurs walikuwa na tiba ya ugonjwa huu: mtu akiwa na nafasi iliyo bora kuliko zote halafu akaiacha, alilaumiwa. Patty Mills, Mwaustralia mdogo wa umbo aliyekuwa akitokea benchi, alipopata nafasi katika robo ya tatu ya mchezo wa mwisho wa fainali za 2014 alitupa bila kuomba ruhusa kwa macho, tena na tena, na Miami wakazama. Ukarimu wa timu ile ulikuwa na pande mbili, kuachia na kupokea bila aibu. Nadhani huu wa pili ni mgumu kwa wengi wetu tuliolelewa kwa unyenyekevu.

Ukarimu wa namna hii hauwezekani bila kuaminiana, na kuhusu kuaminiana huko kulitoka wapi, siwezi kuiruka fainali ya 2013. Mchezo wa sita, Miami, Spurs wakiongoza 94 kwa 89 zimesalia sekunde 28.2. Watu wa uwanja walikuwa wameshaanza kuleta kamba za manjano za kuzungushia uwanja kwa ajili ya sherehe ya kukabidhi kombe. LeBron James wa Miami akaingiza mtupo wa pointi tatu. Leonard akapata mitupo huru miwili, akakosa mmoja. James akatupa tena, akakosa; Chris Bosh akaudaka mpira, akampa Ray Allen aliyekuwa akirudi kinyumenyume kuelekea kona, na Allen akasawazisha zikiwa zimebaki sekunde 5.2. Duncan, mdakaji wao bora, alikuwa benchi kwa uamuzi wa kocha. Spurs walipoteza katika muda wa nyongeza, kisha wakapoteza mchezo wa saba, ambao mwishoni Duncan alikosa kikapu cha karibu ambacho amekifunga maelfu ya mara, akainama na kuipiga sakafu kwa viganja.

Timu nyingi zingevunjika hapo. Sababu zilikuwapo tele: kijana aliyekosa mtupo huru, kocha aliyemtoa mzee, mzee aliyekosa kikapu. Badala yake kila mmoja alibeba sehemu yake. Msimu uliofuata walirudi karibu wote, wakatazama mikanda ya michezo ile ya kuumiza pamoja, wakashinda michezo 62. Hakuna mchezaji wao hata mmoja aliyefikisha wastani wa dakika 30 kwa mchezo. Aliyecheza zaidi ni Parker, dakika 29.4. Ni vigumu kwangu kuamini kwamba mtu angeweza kumwachia mwenzake mtupo mzuri kama moyoni alikuwa bado anamhesabia kosa la Juni iliyopita. Mkono hukataa kutoa kile ambacho moyo umekizuia, na ndani ya nusu sekunde hakuna nafasi ya kujifanya.

Kisha yupo Diaw, ambaye nampenda kuliko wote. Baba yake alikuwa mruka juu wa Senegal, mama yake aliichezea timu ya taifa ya Ufaransa ya mpira wa kikapu. Machi 2012 aliachwa na Charlotte Bobcats, timu iliyomaliza msimu ule ikiwa na ushindi mara 7 katika michezo 66. Alisemwa sana: mnene, mvivu, hataki kutupa, kila akipata mpira anatafuta wa kumpa. San Antonio alikuja na tabia ile ile. Katika fainali za 2014 aliongoza Spurs kwa pasi za kufungisha, wastani wa karibu sita kwa mchezo, mtu mrefu anayecheza na mabeki wakubwa chini ya kikapu. Kilichobadilika ni waliomzunguka. Mtu anayependa kutoa, akiwa kati ya wasiojiweka tayari kupokea, ataonekana mzembe, hata yeye mwenyewe ataanza kujidhania hivyo. Kila nikisikia mwalimu au bosi akimwambia mtu mpole kwamba hana makali, namfikiria Diaw katika miezi yake ya mwisho Charlotte.

Wala tabia hii hairithiwi yenyewe. Leonard, kijana ambaye wazee wale walimpisha njia hadi akawa mchezaji bora wa fainali za 2014 akiwa na miaka 22, miaka minne baadaye aliomba kuondoka, akapelekwa Toronto na kutwaa ubingwa huko mwaka 2019. Wengine wanamwita asiye na shukrani. Mimi sioni hivyo. Waliompa hawakumkopesha, na nafasi uliyomwachia mtu kwa kweli huna haki ya kuidai tena anapochagua njia yake. Iliniuma kama shabiki, na bado naamini Duncan na wenzake walifanya sawa.

Mtu mmoja husahaulika katika masimulizi haya. Tiago Splitter, senta kutoka Brazil, alianza michezo miwili ya kwanza ya fainali zile. Kabla ya mchezo wa tatu Popovich alimweka benchi na kumwanzisha Diaw, ili mpira utembee zaidi. Sisi wa Afrika Mashariki tuliokesha mpaka alfajiri tuliona matokeo: pointi 71 kabla ya mapumziko, ushindi wa 111 kwa 92, kisha 107 kwa 86, kisha 104 kwa 87 na kombe. Ule uzuri ulianza siku Splitter alipoondolewa. Hakukosea kitu, kikosi cha Miami kilikuwa kifupi na chepesi, na alihitajika mtu wa aina nyingine. Aliingia kutoka benchi, akacheza dakika alizopewa, akawaziba mabeki, akakimbilia kikapuni, akarudi kukaa. Parker na Duncan walitoa sehemu ya walichokuwa nacho na wakabaki na majina yao. Splitter alitoa nafasi yake yote katika wiki kubwa kuliko zote za maisha yake ya mpira. Nikiulizwa ni nani walioujenga ushambulizi ule, namtaja mapema, kabla ya wengi waliofunga zaidi yake.