Sikio Halina Kope

Jicho lina kope, sikio halina. Sauti ya sokoni Tengeru siku ya Jumamosi huingia bila kubisha hodi: hugonga kiwambo, nacho hutikisa vifupa vitatu, nyundo, fuawe na kikuku, navyo husukuma maji katika kijumba kilichojiviringa kama konokono. Humo chembe zenye vinyweleo, kama 15,000 kwa kila sikio, huupelekea ubongo habari. Zikiuawa na kelele, kwa binadamu hazioti tena. Mwenye kipaza sauti ana haki ya kunadi bidhaa zake. Je, ana haki ya kumwondolea muuza ndizi jirani yake kitu kisicholipika? Mali iliyoibwa hurudishwa, usikivu haurudi. Nyumba isiyo na mlango hulindwa na haya ya jirani.