Mkongojo na Kombolela

Somo: Zekaria 8:1–8

Watu wa Betheli walituma ujumbe Yerusalemu kuuliza swali. Ulikuwa mwaka wa nne wa mfalme Dario, yaani mwaka 518 kabla ya Kristo, na swali lenyewe lilihusu machozi: je, tuendelee kulia na kufunga katika mwezi wa tano kama tulivyofanya miaka hii yote? Mwezi wa tano ndio Wababeli walipoichoma nyumba ya Bwana, na kwa miaka ipatayo sabini watu walikuwa wakiukumbuka msiba huo kwa kufunga. Sasa hekalu jipya linajengwa, nao wanataka kujua kama wakati wa kuanua tanga umefika.

Jibu la Mungu kwa kinywa cha Zekaria linajaza sura mbili. Kwanza anawakumbusha yale ambayo baba zao walikataa kuyafanya: kuhukumu kwa haki na kutomwonea mjane, yatima, mgeni wala maskini. Kisha, mwanzoni mwa sura ya nane, anatangaza kwamba amerudi Sayuni na atakaa katikati ya Yerusalemu. Baada ya tangazo kubwa namna hiyo msomaji anajiandaa kwa moto na tarumbeta. Anakutana na wazee. Wanaume na wanawake wa umri mkubwa wameketi katika njia za mji, kila mmoja ameshika mkongojo kwa kuwa ameishi siku nyingi, na njia hizohizo zimejaa wavulana na wasichana wanaocheza.

Mungu akitaka watu wake wajue kwamba yupo kwao, anawaonyesha bibi aliyeketi na mtoto anayekimbia. Nakuomba usiiharakishe picha hiyo.

Waliomsikia Zekaria walizijua njia hizo. Kitabu cha Maombolezo kinasimulia hali ilivyokuwa mji ulipoanguka mwaka 586: watoto wachanga wakizimia kwa njaa viwanjani, vifuani mwa mama zao, vijana na wazee wakilala mavumbini njiani, wazee wakiwa wameliacha lango walipozoea kuketi. Hata baada ya kurudi kutoka Babeli, wazee ndio waliojulikana kwa kilio. Ezra anaandika kwamba msingi wa hekalu jipya ulipowekwa, wengi walishangilia, lakini makuhani na wazee waliowahi kuiona nyumba ya kwanza walilia kwa sauti kuu, hata ikawa vigumu kutofautisha kilio na shangwe. Kwa watu wa kizazi hicho Mungu anaahidi kitu ambacho dunia hukiona kidogo. Mtaketi tena nje jioni bila hofu, na mtasikia watoto wakicheza.

Wazee hao hawakupewa kazi yoyote. Nabii hasemi kwamba wanafundisha, wanaamua kesi au wanaongoza ibada. Wameketi. Najua yapo maandiko yanayowapa wazee kazi. Paulo anamwandikia Tito kwamba wanawake wazee wawafunze wenzao walio vijana, na Luka anamsifu Ana binti Fanueli, mjane ambaye hakuondoka hekaluni, akifunga na kuomba usiku na mchana. Maandiko hayo tunayahubiri sana, na ni vema tuyahubiri. Hili la Zekaria tunalihubiri mara chache, na matokeo yake nayaona kwa wazee wetu wacha Mungu. Mama aliyefundisha shule maisha yake yote, akalea wanawe, akaimba kwaya mpaka sauti ikakauka, anaona haya kukutwa kibarazani saa nne asubuhi akicheka na wajukuu. Mzee wa kanisa akipiga hodi, mama anajitetea: leo nimekaa tu, baba, hata Biblia sijafungua. Amejifunza mahali fulani kwamba siku zilizobaki ni za kujiandaa kufa, na kwamba raha yoyote nje ya ibada ni muda alioibiwa Mungu. Ningependa mama huyo asomewe Zekaria 8 akiwa palepale kibarazani, wajukuu wakiendelea kupiga kelele. Kilichoahidiwa kinatendeka mbele yake, naye anakiombea radhi.

Twende kwenye uwanja wenyewe. Ni saa kumi na moja, jua limepoa. Bibi ametandika mkeka chini ya mwembe, ungo uko mapajani, anachambua mchele wa usiku. Babu na jirani wameinamia bao, na kila kete inapotua mmoja wao anaguna kama aliyepewa habari ya mbali. Wasichana wanacheza rede. Wengine wako kwenye kombolela, na mmoja wao, mdogo kuliko wote, anakuja mbio na kujibana nyuma ya mgongo wa bibi, anajifunika upindo wa khanga yake. Mtafutaji anafika akitweta: bibi, umemwona? Bibi anaendelea na ungo wake. Anapuliza makapi. Nyuma yake kicheko kinavuja kidogokidogo kama maji ya mtungi wenye ufa, mpaka kinapasuka, na watoto wote wawili wanaangukia mapajani mwake, mchele nao unamwagika. Anafoka kwa namna ambayo haimtishi mtu.

Halafu kuna utani. Katika jamii zetu nyingi babu humwita mjukuu wake wa kike mke wangu, humdai chai na kumuuliza kwa nini jana amelala bila kumwamkia mumewe. Bibi naye ana mume wa miaka mitano ambaye hajui hata kujifunga viatu. Baba na mama wa mtoto hawawezi kutaniana naye hivyo. Wao ndio wa kumwambia nawa mikono, fanya kazi ya shule, usiseme hivyo mbele ya wakubwa. Uhuru wa babu ni tunda la safari ndefu. Aliwahi kuwa baba mkali, aliwahi kukosa usingizi kwa sababu ya ada, na sasa amefika mahali ambapo anaweza kumtazama mtoto bila kumsahihisha. Yakobo alifika mahali hapo akiwa Misri. Macho yake yalikuwa yamekuwa mazito kwa uzee, hata akauliza hawa ni nani. Alipoambiwa ni Efraimu na Manase, wana wa Yusufu, aliwavuta kwake, akawabusu na kuwakumbatia, akamwambia Yusufu kwamba hakutegemea kuuona uso wake tena, na tazama, Mungu amemwonyesha hata watoto wake. Baraka kuu alizowatamkia vijana hao zilikuja baadaye. Kukumbatia kulitangulia.

Uzee unapunguza mambo, na Biblia haifichi hilo. Barzilai Mgileadi alikuwa na miaka 80 Daudi alipomwalika akale meza ya mfalme Yerusalemu siku zake zote. Alistahili. Daudi alipomkimbia Absalomu, Barzilai alikuwa miongoni mwa waliomletea chakula kule Mahanaimu, pamoja na vitanda na vyombo vya udongo: ngano, shayiri, dengu, asali, siagi, kondoo, jibini. Kumbe mtu aliyemlisha mfalme hivyo alikuwa hasikii tena ladha ya chakula chake mwenyewe. Anamwambia Daudi waziwazi: ulimi wangu hautambui nikilacho, masikio yangu hayafaidi tena waimbaji, wanaume wala wanawake. Anaomba arudi mjini kwake, karibu na kaburi la baba na mama yake. Daudi hakumlazimisha. Alimbusu, akambariki, mzee akarudi kwao.

Ninamheshimu Barzilai kwa kujua raha yake iko wapi. Karamu ilikuwa imemwacha, na nyimbo pia. Mji wake ulikuwa haujamwacha. Wazee wengi wanaweza kukueleza jambo hili kama utakaa nao: nyama ikishakuwa ngumu kwa meno na habari za redioni zikishakuwa mvumo tu, bado inabaki furaha ya kuwa mahali ambapo watu wanakujua, ya kusikia hatua za miguu mlangoni na kujua ni nani kabla hajaamkia. Shikamoo ya asubuhi, marahaba ya kujibu. Uji unaonywewa taratibu na mtu mwingine ameketi karibu.

Kwa hiyo nina neno kwa sisi tulio na wazazi wa umri huo. Tunawapenda, ndiyo maana tunawahamishia mjini, kwenye nyumba yenye geti, runinga kubwa na dada wa kazi. Tunaondoka alfajiri, tunarudi usiku. Mama hana wa kumwambia habari za asubuhi kuvuka ukuta, hajui jina la jirani, na wajukuu wakitoka shule wanaingia chumbani na simu. Tumempa meza ya mfalme. Huenda alichotaka ni Rogelimu, mji wa Barzilai, wenye njia anayoijua na watu wanaopita. Wakati mwingine ugonjwa hautuachii uchaguzi, nalielewa hilo. Lakini hata ndani ya geti kiti kinaweza kutolewa nje. Watoto wanaweza kuambiwa wachezee pale alipo bibi. Na sisi wenyewe tunaweza kurudi Jumamosi moja mapema, tukamenya mihogo pamoja naye bila kutazama saa.

Wako pia wanawake ambao picha ya bibi mwenye uhuru inawapita mbali. Ukimwi ulipochukua watoto wao walibaki na wajukuu wa kulea upya. Leo wengine wanalea kwa sababu binti yuko Oman au Saudia akifanya kazi za ndani, na fedha inakuja au haiji. Bibi huyo haketi kutazama watoto wakicheza. Anafua sare zao. Kwake ninamleta Naomi. Alikuwa amezika mume na wana wawili, akarudi Bethlehemu akisema Mwenyezi amemtenda mambo machungu. Mtoto aliyewekwa kifuani pake hakuwa wa damu yake, alikuwa wa mkwewe Ruthu, na Maandiko yanasema Naomi akawa mlezi wake. Alikuwa na kazi, tena katika umri wake. Wanawake wa jirani walikuja, wakampa mtoto jina, wakamshangilia bibi kuliko hata mama. Sijui kama jumuiya zetu ndogondogo na vikundi vya akina mama vinajua kufanya hivyo: kwenda kwa bibi mlezi, kuchukua ndoo ya kufulia, kumwachia jioni moja aketi na mtoto mapajani bila jambo lingine.

Ahadi ya Zekaria ilichelewa kuonekana. Zaidi ya miaka sabini baadaye, Nehemia alipomaliza ukuta, aliandika kwamba mji ulikuwa mpana, watu wachache, nyumba hazijajengwa. Ilibidi wapige kura ili mtu mmoja katika kila kumi ahamie Yerusalemu. Mungu alilijua hilo tangu mwanzo, ndiyo sababu mara baada ya picha ya wazee na watoto anauliza: likiwa neno gumu machoni penu, je, liwe gumu machoni pangu pia? Nalisoma swali hilo nikiwawaza wazee wa Goma. Mwezi Januari 2025 vita ilipoingia mjini, kulikuwa na mabibi waliokimbia na magodoro kichwani, wakiwashika wajukuu mikono. Jioni tulivu mbele ya nyumba ni kitu cha thamani kubwa, na wako wanaokiharibu. Wako pia wanaokilinda kwa njia zisizopigiwa ngoma. Zanzibar ilipoanza mwaka 2016 kumlipa kila mzee aliyetimiza miaka 70 pensheni ya shilingi 20,000 kwa mwezi, ilikuwa fedha ya sukari na sabuni, na kwa bibi wengi ilikuwa pia fedha ya ubuyu: mjukuu akija, mkono una cha kutoa. Ukirudi kwenye sura ya saba utaona kwamba kumtendea haki mjane kulitajwa kabla ya watoto kucheza.

Bwana wetu alizijua njia hizo kwa miguu yake. Akitaka kueleza ugumu wa kizazi chake, katika Mathayo 11, alitoa mfano wa watoto walioketi sokoni: wanapiga filimbi ya arusi, wenzao hawachezi, wanaimba maombolezo ya msiba, wenzao hawalii. Mtu hawezi kuujua mchezo wa watoto kwa undani huo, pamoja na ugomvi wake, bila kusimama na kuutazama. Na siku alipoingia Yerusalemu juu ya punda, kama Zekaria alivyotabiri katika sura ya tisa, watoto walipaza sauti hekaluni, wakuu wakakasirika, naye akawatetea.

Bwana Yesu, uliyetazama watoto wakicheza sokoni, keti leo na mama yetu aliye peke yake nyuma ya geti mpaka mmoja wetu afike. Mpe bibi mlezi jirani wa kumpokea ndoo. Warudishe wazee wa Goma mbele ya nyumba zao. Na yule anayeona haya kucheka na wajukuu wake, mwache acheke mpaka mchele umwagike. Amina.