Kabla ya kumfunga mtoto mdomo

Wiki hii nimemkuta mtoto wa miaka tisa amelala na plasta mdomoni. Hakuwa na kidonda. Mama yake, wifi yangu, alimbandika makusudi baada ya kuona video kwenye simu: mtoto akifungwa mdomo usiku, na mchana akabana ulimi kwenye kaakaa, taya litapanuka, meno yatajipanga, vyuma vya meno havitahitajika. Tundu za pua za yule mtoto zilikuwa zikitanuka na kunywea, kifua kikipanda kwa kazi. Niliibandua. Wifi alinuna, na mimi tangu hapo sina raha.

Hofu yake naielewa. Daktari alimwambia meno ya mtoto yamebanana na huenda yakang'olewa manne ili nafasi ipatikane. Meno mazima, yasiyo na hata tundu! Mzazi gani asingetafuta njia nyingine?

Njia aliyoipata ina wenyewe. Daktari wa meno Mwingereza, John Mew, alifundisha kwamba meno hubanana hasa kwa sababu watoto huachama midomo, hulegeza ulimi na kula vyakula laini. Mwanawe, Mike, aliisambaza elimu hiyo kwenye YouTube. Baraza linalosimamia madaktari wa meno Uingereza lilimnyang'anya baba leseni mwaka 2017, na mwaka 2024 likaamua kumfuta mwana pia, baada ya shauri kuhusu watoto aliowatibu.

Najua nitakachojibiwa: wameonewa, wanaofunga vyuma wanalinda riziki yao. Haya, tuseme madaktari wanapenda pesa. Anayeuza kifaa cha mdomoni kwa simu, bila kumwona mtoto, yeye anagawa sadaka? Tena ushahidi wake ni picha mbili, kabla na baada. Mpige picha mtoto wa miaka tisa leo, umpige tena akiwa na kumi na miwili; sura itakuwa nyingine hata kama hakuguswa na mtu. Anakua.

Linaloniuma ni kwamba ndani ya madai hayo mna ukweli. Kaakaa la mtoto hupanuliwa kweli, kwa kuwa kabla ya balehe mifupa yake miwili huwa bado haijashikana sawasawa. Madaktari wa kawaida hulifanya hilo kwa kifaa chenye skrubu. Mzazi huzungusha ufunguo mdogo nyumbani, na kila mzunguko huongeza kama robo milimita. Ni kweli pia kwamba kunyonya kidole kwa miaka husukuma meno. Lakini mtoto anayehema kwa mdomo mara nyingi pua yake imeziba, kwa mzio au kwa nyama za puani zilizovimba. Huyo aanze kwa daktari wa pua. Kumbandika plasta ni kumzibia njia ya hewa aliyobaki nayo.

Nasi Afrika Mashariki tumeshaumizwa na tiba za namna hii. Miaka ya 1980 Tanzania ilienea habari ya meno ya plastiki. Uganda waliyaita ebino. Mtoto mchanga akipata homa na kuhara, fizi zilichanwa kwa vyombo vichafu na machipukizi ya chonge yakatolewa. Wako waliokufa, na wako waliokua na meno yaliyoharibika. Waliowapeleka walikuwa mama zao, waliowapenda kama wifi anavyompenda mwanawe.

Kwa hiyo sikubali mtoto awe wa kujaribiwa. Maoni ya daktari wa pili, nayakubali kabisa. Kusubiri pia, pale inapofaa: kwa mfano, kwa mtoto ambaye shida yake ni mwanya, mwanya wa mbele katika umri huu mara nyingi hupungua wenyewe chonge zinapoota, kwenye miaka kumi na moja au kumi na miwili. Na usipopungua, Pwani wenye mwanya husifiwa.

Na madaktari wetu nao nina neno nao. Wifi alitoka kliniki na karatasi ya gharama tu. Hakuna aliyemwonyesha picha ya eksirei, wala kumweleza kwa nini kung'oa badala ya kupanua, wala nini kitatokea wakisubiri mwaka. Mzazi aliyenyimwa majibu kwenye kiti cha daktari atayatafuta kwenye simu. Mpeni dakika zake, mumweleze kwa Kiswahili anachokielewa, na mrudie akiuliza tena.